Sijapona: Kuhusu Ushuhuda na Huzuni Kanisani

Jumapili saa mbili unusu asubuhi, Kitengela, spika za makanisa huanza kushindana kabla maji ya chai hayajachemka. Kutoka kwa keja yangu nasikia makanisa matatu kwa mpigo: moja la mabati nyuma ya ploti yetu, moja lililokodi ghorofa ya pili juu ya duka la hadiwea, na moja la hema jeupe ambalo limekuwa "la muda" tangu nihamie hapa. Nimeishi na sauti hizo miaka kadhaa sasa. Nimezikasirikia, nimeimba nazo, na kuna kipindi nilizitegemea nijue kwamba wiki imeisha, kwa sababu nilikuwa silali wala kuamka kwa saa zinazoeleweka.

Nataka kuhakiki kipande kimoja tu cha ibada hizo, ushuhuda. Tunahakiki riwaya, tunahakiki mashairi, siku hizi hata albamu za gengetone zina wahakiki wake. Ushuhuda hauguswi na mtu. Na bado, ukihesabu masikio, hiyo ndiyo simulizi inayosikilizwa zaidi mtaani kwetu kila wiki. Ina kanuni zake, ina mianzo na miisho yake, ina watu wanaojulikana kwa kuisimulia vizuri. Isitoshe, wengi wetu tulijifunzia hapo namna ya kuongea kuhusu akili inapougua.

Hebu sikiliza vitenzi vyake. Mtu anashika maiki, anasalimia kanisa mara mbili, halafu: nilikuwa na stresi, nilikuwa silali, nilikuwa nawaza mambo mabaya. Nikaalikwa kesha la Ijumaa. Nikaombewa, nikalia, nikaanguka. Nimefunguliwa. Bwana asifiwe.

Mwalimu wangu wa Kiswahili kidato cha pili angefurahi. Ni zile nyakati alizotuchapia: -li- ya wakati uliopita, -ka- ya matukio yanayofuatana, -me- ya jambo lililokamilika. Ushuhuda wote unapita njia hiyo. Huzuni inakaa kwenye -li-, maombi yanakaa kwenye -ka-, uponyaji unafunga kwa -me-. Kitu ambacho hakina kiti ni -na-. Unaruhusiwa kusema ulikuwa na depresheni. Kusema unayo, leo, na umevaa nguo za Jumapili, hilo ni jambo lingine.

Nimewahi kuona mtu akijaribu mara moja tu. Ilikuwa ibada ya vijana, alasiri, joto la mabati limetubana. Binti mmoja aliomba maiki akasema amechoka, hasikii raha ya kitu chochote, na hajui kama anataka kuendelea. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia nauli. Kiongozi wa ibada akamwendea, akaichukua maiki kwa upole, akasema, "Hilo tunalikataa katika jina la Yesu!" Kanisa likaitikia. Kinanda kikaingia. Wimbo wa furaha ukapigwa karibu dakika kumi, na binti akarudi kuketi. Nilimwangalia wakati wote wa wimbo. Alikuwa anapiga makofi kama sisi sote.

Sidhani kiongozi yule alikuwa mtu mbaya. Alifanya kile ambacho fomu ile inamfundisha kufanya: hadithi ikikosa mwisho, msaidie msimuliaji aufikie. Shida ni kwamba yule binti hakuwa ameleta hadithi. Alikuwa ameleta hali aliyokuwa nayo siku hiyo.

Kabla sijaendelea, ukweli usemwe. Ushuhuda unasaidia. Mtu aliye shimoni akisikia mwingine aliwahi kuwa shimoni akatoka, hilo ni jambo kubwa, na ni la bure. Mtaani kwetu kitu cha bure si mchezo. Nilipouliza bei ya kuonana na mwanasaikolojia niliambiwa elfu tatu kwa saa moja, na wakati huo elfu tatu ilikuwa chakula changu cha wiki mbili. Mwaka 2020 kikosi kazi cha serikali kilichoongozwa na daktari Frank Njenga kilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Dharura hiyo, kwa mtu wa Kitengela, mara nyingi huishia mlangoni kwa pasta, kwa sababu mlango wa pasta ndio ulio karibu na haudai kadi ya bima. Anayelicheka kanisa kwa kutibu watu bila cheti atuambie kwanza hao watu waende wapi.

Mimi nilienda. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Sitaeleza sana kwa nini, maana hata sasa kila nikieleza naona sababu zinabadilika. Karo ilikuwepo, lakini kulikuwa na kitu kabla ya karo. Nilirudi kwa mathe, nikalala kama miezi miwili. Mathe akanipeleka kanisani kwa ushauri. Ofisi ilikuwa stoo ya viti vya plastiki, nikakaa kimoja, pasta kingine, vingine vimepangwa hadi kwenye dari. Aliniuliza maswali matatu. Kuna mtu hujamsamehe? Kuna dhambi unaificha? Kwa ukoo wenu kuna mtu aliwahi kwenda kwa mganga? Nikajibu nilivyoweza. Akaniombea kwa bidii, na nasema bidii kwa heshima, kwa sababu jasho lilimtoka. Nikatoka nikiwa nimepewa sababu tatu za kuwa mgonjwa ambazo sikuingia nazo.

Maswali yote matatu yalikuwa yanatafuta chanzo. Kuna kitabu kizima cha Biblia kuhusu watu waliofanya hivyo, na tunakisoma vibaya. Ayubu alipopoteza kila kitu, marafiki zake watatu walikuja wakaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Kisha wakafungua midomo, na kwa sura nyingi zinazofuata kazi yao ni moja: kutafuta Ayubu alikosea wapi. Mwishoni kabisa Mungu anawakasirikia wao, na anasema Ayubu, aliyelalamika muda wote huo, ndiye aliyenena sawa. Kwenye mahubiri tunaruka hapo. Tunakimbilia mali iliyorudishwa maradufu, kwa sababu hiyo ndiyo -me- yetu.

Na si Ayubu peke yake. Eliya aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika alipokuja hakumkemea na hakumuuliza kuhusu ukoo wake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, mlimani. Halafu kuna Zaburi ya 88, ambayo sijawahi kusikia ikisomwa katika ibada yoyote niliyokaa. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hiyo haigeuki. Inaanza usiku na inaishia gizani, na waliokusanya kitabu waliiacha humo hivyo hivyo, bila kuiongezea kibwagizo. Yaani maandiko yenyewe yana nafasi ya -na-. Sisi ndio tumeifungia nje na kuanza wimbo.

Kuna Wakristo waliolifikiria jambo hili kwa kina kuliko pasta wangu, na mmoja wao ni wa hapa kwetu. Gladys Mwiti, mwanasaikolojia Mkenya, alianzisha shirika la Oasis Africa jijini Nairobi. Mwaka 2006, pamoja na Al Dueck wa Seminari ya Fuller kule Marekani, alitoa kitabu Christian Counseling: An African Indigenous Perspective. Nilikiazima kwa rafiki anayesomea theolojia, nikamrudishia kikiwa na madoa ya chai, na bado nafikiri kinafaa kusomwa na watu wasioenda kanisani pia.

Hoja yao, kwa ufupi wangu, ni kwamba mshauri Mkristo wa Afrika amepewa mizigo miwili ambayo si yake. Wa kwanza ni saikolojia ya Magharibi inayomweka mtu peke yake chumbani na saa ukutani, kana kwamba hana mama wala mjomba. Wa pili ni dini iliyofika ikiwa imezitangaza mila zetu zote kuwa ushetani. Wanataka ushauri unaosikiliza kwa methali, kwa hadithi, kwa matambiko, na kwa wazee na jamaa wanaomzunguka mgonjwa.

Ukitaka kujua kwa nini hoja hiyo ilihitajika, angalia historia ya kliniki yenyewe. Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910 kama hospitali ya vichaa ya wakoloni. Kutoka 1938 hadi 1950 iliendeshwa na daktari J. C. Carothers, ambaye baadaye aliandika, tena kwa kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake ya Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia. Watu wakinyang'anywa mashamba wakakasirika, wanapewa jina la ugonjwa. Frantz Fanon alimjibu vilivyo. Kwa hivyo mathe wangu anaposema "hao madaktari wa akili siwaamini," hajui jina la Carothers, lakini hajaokota shaka hiyo barabarani.

Kitabu cha Mwiti na Dueck kinarudisha heshima hapo. Kinaponipoteza ni ninapofunga jalada na kutazama ploti yetu. Jirani wa kushoto ametoka Kisii, wa kulia Machakos, lendiledi hatumjui, tunamjua keateka. Hakuna methali moja ambayo sote tuliinyonya kwa bibi mmoja. Wazee wa ukoo wangu wako kwenye grupu la WhatsApp, na wanaongea kukiwa na mazishi au mchango. Ushauri unaotegemea kijiji unafanyaje kazi mahali ambapo kila mtu ni mpangaji? Ranchi ya pamoja ya Wamaasai ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, vipande vikauzwa na kuuzwa tena hadi vikawa hamsini kwa mia, na sisi tukaja kujaa humo. Sensa ya 2019 ilitukuta zaidi ya watu 150,000. Kijiji chetu kilichobaki ni kanisa. Ndio maana nalikosoa badala ya kuachana nalo.

Ukifuata barabara ya Namanga kutoka hapa unapita Isinya, Kajiado mjini, Bissil, hadi mpakani. Mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, kufikia mwisho wa 2022, njia hiyo ilikuwa na mizoga ya ng'ombe pembeni. Sijui ushuhuda wa -me- unamwambia nini mzee aliyebaki na ng'ombe wawili kati ya themanini. Mvua ikija nyasi zitaota, lakini wale sabini na nane hawatafufuka.

Ng'ambo ya mpaka huo huo, upande wa Tanzania, kuna kisa cha zamani ambacho kingefaa kusomeshwa kwa kila pasta wa Kajiado. Kuanzia miaka ya 1950 Wamaasai wa huko walianza kuona ugonjwa walioupa jina la orpeko, neno lililotokana na pepo letu la Kiswahili. Karibu wote walioupata walikuwa wanawake. Mwili ulikosa nguvu, tumbo liliuma, walitetemeka, walisumbuliwa na ndoto mbaya. Dawa iliyosifika kuliko zote ilikuwa ubatizo. Wanawake wakajaa kwenye madarasa ya wakatekista, huku wanaume wengi wakibaki nje.

Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, katika kitabu chake The Church of Women cha 2005, aliuangalia ugonjwa huo pamoja na yaliyokuwa yakiwapata wanawake hao: sauti yao juu ya mifugo na mali ilikuwa inapungua, serikali na soko vilikuwa vinaongea na wanaume peke yao. Kanisa likawapa mahali pa kukutana, kuimba na kuongea bila ruhusa ya mume.

Ukikisoma kisa hicho haraka utasema, unaona, pepo walitoka, maombi yanafanya kazi. Ukisema hivyo umekosa nusu ya maana. Wanawake wale hawakuombewa usiku mmoja wakaenda nyumbani. Walijiunga na kundi. Darasa la ubatizo si la siku moja, na baada yake kuna Jumapili nyingine, na nyingine. Mtu aliyekuwa mgonjwa aliruhusiwa kuja akiwa bado mgonjwa. Lakini kisa kina upande mwingine pia: neno pepo lilifunika chanzo. Likishasemwa, hakuna aliyelazimika kuuliza ng'ombe ni wa nani. Makanisa yetu yamerithi mambo yote mawili, ule mkusanyiko unaoponya na lile jina linaloficha, na siku hizi naona tunalilinda jina kuliko mkusanyiko.

Gharama ya kuficha tunaijua. Hadi juzi, kwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, mtu aliyejaribu kujitoa uhai Kenya akapona angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mwezi wa Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Nilisoma habari hiyo kwa simu ndani ya matatu, tukiwa tumekwama kwenye jamu ya Mlolongo, na nikashangaa jinsi ilivyofanana na ibada ile ya vijana. Kwa miaka yote hiyo, aliyesema "sitaki kuishi" mbele ya serikali alijibiwa kwa polisi, na mbele ya kanisa alijibiwa kwa kinanda. Mahakama sasa imerekebisha kifungu chake. Kinanda hakina kifungu, kwa hivyo ni sisi tutakaolazimika kukinyamazisha.

Na inawezekana. Nasema hivyo kwa sababu ya mama mmoja wa kanisa la mathe. Anauza matumbo na mutura jioni, na hajawahi kuitwa mshauri wa chochote. Baada ya yale maswali matatu kwenye stoo, nilipokataa kabisa kurudi kanisani, alianza kuja nyumbani kila Alhamisi kabla ya kufungua biashara. Hakuniombea kwa sauti. Alikuwa anakuja na uji kwenye thamosi, anamimina vikombe viwili, anaosha vyombo nilivyoacha, halafu anakaa. Wakati mwingine alisinzia kwenye kiti, na ilikuwa sawa. Kabla ya kuondoka aliuliza swali moja, kila wiki lile lile.

"Bado, mwanangu?"

"Bado, mathe."

"Haya. Basi Alhamisi."

Alikuja Alhamisi kumi na moja. Wiki ya saba hivi ni yeye aliyenifuatilia hadi nikaenda kliniki ya serikali, tukapanga foleni pamoja, na kule nikapewa dawa ambazo nilizimeza kwa muda. Kwake hakuona mgongano wowote kati ya vidonge na Mungu. Aliniuliza tu kama nimekula kabla ya kumeza.

Baadaye nilielewa alichokuwa amefanya, na tena ni mwalimu wa kidato cha pili aliyenisaidia. Kiswahili kina -ja-. Sijapona si sawa na sikupona, ambayo inafunga mlango, wala si sawa na siponi, ambayo inakata tamaa. Sijapona inakubali kwamba leo hali ni mbaya, na haijasema lolote baya kuhusu kesho. Mtu anaweza kuisema mbele ya kanisa bila kudanganya na bila kukufuru. Sioni kwa nini tusiipe dakika tatu kila Jumapili, kati ya matangazo na sadaka. Mtu asimame, aseme hajapona, kanisa lijibu "haya, basi Alhamisi," na mtu mmoja, kwa kweli, aende Alhamisi.

Mathe bado ananiuliza ni lini nitasimama nitoe ushuhuda. Anaona nimenenepa, naandika, nalipa kodi yangu mwenyewe miezi mingine. Nimemwambia ninao, ila hauna ule mwisho anaoujua. Kuna asubuhi bado zinanishinda. Jumapili iliyopita nilikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, nikamwona yule mama wa mutura mstari wa mbele. Alipogeuka akaniona, alininyooshea kidole gumba huku ameinua nyusi, kama mtu anayeuliza. Nikatikisa kiganja, hivi hivi. Akaitikia kwa kichwa, akageukia mimbari.